Ripoti ya Mwalimu na nyanya za Kibuye: venye kurasa za biashara hupangwa

Chermani wa sacco moja ya wakulima upande wa Vihiga alikuja kwangu na flashi mfukoni, akaketi, akakataa chai, akasema, "Kijana, ripoti ya AGM, mkutano wetu mkuu wa mwaka, tumeshaiandika yote. Wewe kazi yako ni kuirembesha tu." Ni mwalimu mstaafu, kila mtu humwita Mwalimu, na mimi sikuthubutu kumwita kitu kingine. Nikafungua faili. Kurasa 14 za Word. Kava ilikuwa na logo tatu, fremu ya maua ya waridi, na neno RIPOTI limepindwa kama upinde wa mvua na lina kivuli. Dividendi ya mwaka, yaani mgao wa faida, ile kitu moja ambayo kila mwanachama huijia mkutanoni, ilikuwa kurasa ya 11, aya ya tatu, katikati ya sentensi, kwa herufi za saizi ile ile iliyotumika kushukuru kamati ya chakula.

Nimefanya hii kazi ya kupanga kurasa hapa Kisumu miaka kadhaa sasa, broshua, katalogi za agrovet, bei za hardware, ripoti za sacco, na wikendi programu za mazishi juu hizo haziishi, na karibu kila mtu anayepanda ngazi za ofisi yangu hutumia hilo neno, kurembesha. Urembo huja, sikatai, lakini huja mwisho na huja wenyewe. Kabla yake kuna swali moja tu: huyu msomaji ako wapi, ameshika hii karatasi vipi, na anatafuta nini? Wa Mwalimu ako kwa hema, kiti cha plastiki, jua linapiga, soda mkono mmoja na ripoti juu ya goti, na wengi wamepita miaka arobaini na tano na miwani wameacha nyumbani. Ukishamwona huyo mtu kichwani, nusu ya maamuzi yanajifanya.

Tuanze na foleni. Kurasa yoyote ile ina foleni hata kama hujaipanga, jicho lazima liingie mahali fulani kwanza, halafu la pili, halafu la tatu. Usipochagua wewe, kitu chenye fujo zaidi ndicho kitaingia kwanza, na kwa kava ya Mwalimu hicho kilikuwa maua. Kitu kinapandishwa mbele ya foleni kwa njia chache sana: kiwe kikubwa, kiwe kizito, kiwe na rangi wenzake hawana, ama kiachwe peke yake na nafasi kukizunguka. Hiyo ya mwisho ndio yenye nguvu kuliko zote na ndio hakuna mteja huiamini. Na utofauti ukiweka, weka wa kuonekana. Kichwa cha saizi 12 juu ya maandishi ya saizi 11 kinakaa kama makosa ya kuchapa. Ongeza mpaka 20, mtu ajue umekusudia. Lakini ukikoleza kila kitu hujakoleza kitu, ni kama stage ya matatu, makanga wote wanapiga kelele sawasawa na abiria anaamua kutembea.

Ujanja wa kujipima ni rahisi: sukuma kiti nyuma, finya macho mpaka maandishi yageuke ukungu, uangalie ni nini bado kinaonekana. Hicho ndicho umeambia watu ni muhimu.

Sasa nyanya. Nenda soko la Kibuye hapa Kisumu siku ya Jumapili uangalie mama anavyopanga. Hajabandika bei kwa kila nyanya. Ameweka mafungu, na kati ya fungu na fungu ameacha nafasi ya vidole kama vinne hivi, na wewe ukifika hata kabla ya kuongea unajua hizi tano zinaenda pamoja na zile ni za bei ingine. (Venye zile ndogo zinajipata chini na kubwa juu, hayo ni mambo ya siku ingine.) Mwanasaikolojia Max Wertheimer aliandika kuhusu hii kitu Ujerumani mwaka 1923, kwamba vitu vikikaa karibu jicho linavichukua kuwa kundi moja bila kuambiwa, na mpaka leo wanaofundisha dizaini wanaanzia hapo. Mama wa Kibuye hajawahi kumsikia.

Kwa karatasi inamaanisha hivi. Namba ya simu, till namba (ile ya kulipia kwa M-Pesa), mtaa na saa za kufungua ni fungu moja, ziweke pamoja, usiweke simu juu kulia, till chini kushoto na mtaa nyuma ya broshua. Na kichwa cha habari ni cha maandishi yaliyo chini yake, kwa hivyo lazima kikaribie hayo ya chini kuliko yale ya juu. Hii inaonekana kitu kidogo sana. Kwa faili ya Mwalimu kila kichwa kilikuwa kimeelea katikati, enta mbili juu na enta mbili chini, na ukipitisha jicho haraka huwezi jua kama "Mikopo" inafunga habari ya akiba ama inafungua yake. Nikatoa enta moja chini nikaiongeza juu. Sikubadilisha herufi hata moja, na Mwalimu aliyekuwa ananiangalia begani akasema, "Aaah, sasa inasomeka." Dakika tano hizo.

Ya kufuata ni kunyoosha. Watu huita gridi, na wadizaina wa Uswizi miaka ya 1950 waliishika hadi ikakaribia kuwa dini, lakini mtu yeyote aliyelimia huku kwetu anaijua tayari kwa jina lingine: kamba ya kupandia. Unafunga kamba kijiti hadi kijiti, mstari na mstari sentimita 75, na kutoka shimo hadi shimo 25 ama 30, na mahindi yakimea unaweza pita katikati ukipalilia bila kukanyaga. Kurasa ni vivyo hivyo. Unachora mistari ambayo msomaji hataiona, pambizo, kolamu mbili ama tatu, nafasi kati yao, halafu kila kitu unachoweka lazima kishike kamba. Picha ianzie mahali maandishi yanaanzia. Jedwali liishie mahali kolamu inaishia. Kurasa ya 3 na kurasa ya 9 ziwe na kamba ile ile. Kinachofanya kazi nyingi za mtaani zionekane za mtaani huwa ni vitu kukosana kwa milimita mbili tatu, hii imeanzia hapa, ile imesonga kidogo, na jicho linajikwaa bila kujua limejikwaa wapi. Mwenye hiyo broshua hujua tu kuna kitu hakijakaa sawa, na dawa anayokimbilia ni kuongeza rangi.

Na kuweka kila kitu katikati sio kunyoosha. Katikati ni ya kadi ya harusi.

Hapo tukafika kwa ugomvi wetu. Nilikuwa nimeacha theluthi ya kurasa ya dividendi tupu, asilimia imeandikwa kubwa, chini yake mistari miwili ya maelezo, basi. Mwalimu akavua miwani. "Kijana, hii karatasi tumeilipia yote. Hapa si tungeweka picha ya kamati?" Na ana haki ya kuuliza, pesa ni ya wanachama. Nikamuuliza, Mwalimu, shamba lako unaweza panda mahindi sentimita kumi kumi ndio utumie udongo wote uliolipia? Akacheka. Ukifinya mahindi unapata majani, huvuni kitu. Nafasi tupu ndio inafanya ile namba isimame, ukiijaza picha ya kamati, namba inarudi kuwa kitu kimoja kati ya vitu vingi na tumerudi kurasa ya 11 aya ya tatu. Tukakubaliana picha ya kamati iende ndani ya kava. Hakufurahi sana lakini alikubali.

Herufi sasa. Fonti mbili zinatosha kazi nzima, moja ya vichwa na moja ya kusomwa, na hata moja yenye uzito tofauti inatosha. Times New Roman, ile yenye vijimguu, ilitengenezewa gazeti la The Times la London na ikaanza kutumika 1932, ikiwa imebanwa kidogo ndio maneno mengi yaingie kwa kolamu nyembamba za gazeti. Kwa kolamu iko sawa. Shida ni venye sisi tunaitandaza A4 nzima kutoka ukuta hadi ukuta: A4 ni milimita 210 kwa 297, ukiacha sentimita mbili na nusu kila upande unabaki na mstari wa sentimita 16, na kwa saizi 12 huo mstari unabeba karibu herufi 90. Jicho likifika mwisho na kurudi linapoteza mstari, unajipata umesoma mstari mmoja mara mbili. Wapangaji wengi hulenga herufi kati ya 45 na 75 kwa mstari, kwa hivyo kwa A4 kolamu mbili za saizi 10 hivi zinasomeka kuliko moja pana ya 12, na zinakula nafasi ndogo. Kati ya mistari acha hewa, herufi za saizi 10 zipewe kama 14 kutoka mstari hadi mstari. Kwa wazee nikapanda hadi 11 kwa 15, nikaongeza kurasa badala ya kufinya.

Na kuna kitu vitabu vya dizaini vya Kizungu havitakuambia, ni ya kwetu. Maneno ya Kiswahili ni marefu. "Tutakapowafahamisha" ni neno moja. Ukipanga kolamu nyembamba halafu ukanyoosha pande zote mbili kama gazeti, kompyuta inakosa pa kuvunja, inatupa nafasi kubwa kubwa kati ya maneno, na kurasa inakuwa na mito nyeupe inateremka katikati ya maandishi. Ukiiambia ikate maneno, kompyuta nyingi zimewekwa Kiingereza kwa hivyo zinakata popote tu, unapata "tutakapowaf" mstari mmoja na "ahamisha" mwingine. Mimi huacha upande wa kulia uwe na meno meno, nyoosha kushoto pekee. Na herufi kubwa tupu, TUNAWAFAHAMISHA WANACHAMA WOTE WALIOHUDHURIA, achana nazo kwa kitu chochote kinachozidi maneno manne matano, juu neno refu la herufi kubwa ni ukuta, herufi zote kimo kimoja.

Jedwali ndipo ripoti za biashara hufia, na ndipo nilikaa muda mrefu zaidi. La Mwalimu lilikuwa na mistari myeusi kila upande wa kila kijisanduku, kama wavu wa kuku, na namba zote zimewekwa katikati. Angalia 1,204,500 ikikaa juu ya 87,300, zote katikati: mamia hayakai chini ya mamia, maelfu hayakai chini ya maelfu, huwezi kulinganisha kwa jicho, lazima usome moja moja. Namba zinasukumwa kulia, maneno kushoto, na vichwa vya kolamu vinafuata kilicho chini yake. "KSh" inaandikwa mara moja juu, sio mara 60. Mistari ya kusimama ilienda yote, ya kulala nikaacha miembamba ya kijivu, na mmoja mnene juu ya jumla. Mwaka huu nikaukoleza, mwaka jana nikaufifisha kidogo, juu mwanachama anataka mwaka huu kwanza.

Halafu grafu. Mweka hazina alikuwa ametengeneza moja ya nguzo mbili, mwaka jana na mwaka huu, na ya mwaka huu ilikuwa ndefu mara nne. Nikashtuka, nikafikiri hii sacco imepaa. Kuangalia pembeni, nguzo zinaanzia milioni 4, sio sifuri. Akiba ilitoka milioni 4.1 ikafika 4.4. Hiyo ni nyongeza ya kama asilimia 7, nzuri tu, lakini picha ilikuwa inasema mara nne. Sidhani alikusudia kudanganya, programu zingine huchagua zenyewe mahali pa kuanzia, ila nguzo tunaisoma kwa urefu wake, ukikata miguu umebadilisha ujumbe. Nguzo ianzie sifuri. Na kama unatofautisha waliolipa mkopo na ambao hawajalipa, usitegemee kijani na nyekundu pekee, kuna watu, hasa wanaume, ambao hizo rangi mbili kwao zinafanana. Andika neno kando ya kila nguzo.

Rangi zenyewe sitakaa nazo sana. Moja ya kampuni, moja ya kusaidia, na nyeusi ya maandishi, zinatosha. Kitu cha kujua ni kwamba skrini ya simu inatengeneza rangi kwa mwanga, nyekundu, kijani na bluu, na mashine ya kuchapa inatumia wino, samawati, majenta, njano na nyeusi, na kuna kijani kinachowaka kwa simu ambacho wino hauwezi kukifikia hata uombe vipi. Usimlaumu mchapishaji, badilisha faili iwe ya rangi za wino ukiwa bado nyumbani ndio ushtuke mapema. Maandishi madogo yawe nyeusi tupu. Kijivu hafifu juu ya nyeupe kinapendeza kwa skrini ya dizaina mwenye miaka 24 na kwingine hakipendezi.

Picha, mambo mawili. Kwanza, kwa kuchapa unahitaji kama pikseli 300, zile nukta za picha, kwa kila inchi, yaani picha yenye upana wa pikseli 1,200 inatosha inchi 4, karibu sentimita 10, ukiivuta ijae A4 inageuka vijisanduku. Na ile iliyotumwa WhatsApp kama picha imeshabanwa njiani, mwambie atume kama dokumenti. Logo pia, ile ya kukatwa kutoka letahedi iliyopigwa picha na simu haifai, tafuta aliyeichora awape faili ya vekta, iliyochorwa kwa mistari badala ya pikseli, hiyo unaeza iweka kwa kalamu ama kwa ukuta na isiharibike. Pili, mtu kwa picha akiangalia upande fulani, msomaji anafuata macho yake. Mwalimu kwa picha yake alikuwa anaangalia kulia na mimi nilikuwa nimemweka kulia kabisa, kwa hivyo alikuwa anaangalia nje ya ripoti yake mwenyewe. Nikamhamisha kushoto, aangalie hotuba yake.

Hesabu ya kurasa nayo huwapata watu. Kitabu cha kushonwa kwa pini katikati ni karatasi zilizokunjwa, A3 moja ikikunjwa inatoa kurasa nne za A4, kwa hivyo jumla lazima igawanyike kwa nne. Za Mwalimu 14 haziwezekani, ni 12 ama 16. Tukaenda 16, na hizo mbili za ziada zikalipia saizi ya herufi za wazee. Kama bajeti ni ngumu, A5 ni nusu kamili ya A4, umbo ni lile lile, lakini usipunguze tu faili, herufi za 10 zitakuwa 7.

Ya mwisho kabla ya kwenda kwa mashine niliijua kwa uchungu. Miaka ya mwanzo nilipanga broshua 1,000 za mama mmoja wa duka la vitambaa, till namba nikaiweka chini kabisa, milimita mbili kutoka ukingoni, ilikuwa imekaa vizuri sana kwa skrini. Mashine ya kukata hukata rundo zima kwa mpigo, na karatasi husonga kidogo, lazima. Karibu nusu ya rundo till namba ilikatwa miguu, 8 na 0 na 6 zote zikawa zinafanana. Nililipa kuchapa tena kutoka mfukoni, na nilikuwa na deni la nyumba. Tangu hapo, rangi ama picha inayofika ukingoni naivusha milimita 3 nje ya mstari wa kukata, na maandishi yoyote ya maana nayarudisha ndani angalau milimita 5, namba za pesa hata 10. Faili naituma PDF na fonti zikiwa ndani, juu ukituma ya Word ama Publisher na wao hawana fonti yako, kompyuta yao itachagua yake na kila mstari utasonga. Na kwa wale bado wako Publisher, Microsoft walitangaza mwisho wake ni Oktoba 2026, zoea kitu kingine.

Ripoti ya Mwalimu ilipoisha nilichapa nakala moja kwa printa ya ofisi, nikashuka nayo chini kwa soja wa jengo letu, mzee wa miaka sitini hivi, hana sacco hiyo wala hajui inahusu nini. Nikampa nikamwambia, mzee wangu, nitafutie wanalipa dividendi ngapi. Akafungua, akageuza mara mbili, akaweka kidole. Nikawa najisikia. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono niichukue lakini yeye akaendelea kugeuza, mbele, nyuma, akarudi kava, akaisogeza mbali na macho halafu karibu.

"Sasa huu mkutano ni lini na ni saa ngapi?"

Nilikuwa nimeiweka kurasa ya 2, chini, mstari wa mwisho wa ajenda, saizi 9. Nikapanda ngazi nikafungua faili tena.